Shangazi Ashuka Chiungutwa

Kwanza tuelewane kuhusu Shangazi, maana wapo watu wazima na akili zao ambao mpaka leo hawamjui.

Shangazi ni sokwe jike. Anaishi ndani ya gemu, na gemu hiyo imeshatoka sehemu tano, zote zenye maandishi ambayo hakuna mtu Newala anayeweza kuyasoma, hata wale maofisa waliosoma mpaka vipara vikaota. Jina lake la kwao halijulikani. Hilo la Shangazi alipewa hapahapa, kwenye kibanda cha Theodora nyuma ya soko, kwa sababu ana aproni nyekundu, hereni kubwa, na tabia ya kumpiga mtu kwanza halafu ndipo amuulize ana shida gani. Kila sehemu inaanza yeye akifagia uwanja wake kwa amani, kisha anatokea mshenzi anamwibia kitu. Sehemu ya kwanza waliiba chungu. Ya pili waliiba mume, na watu walishangaa kidogo kwamba alimfuata. Ya tatu waliiba chemchemi nzima, wakaipeleka juu ya mlima, na hiyo ndiyo inayopendwa Newala kuliko zote, mji ambao mtu anaweza kukusamehe umemtukania mama yake lakini si umemwagia dumu lake la maji.

Shangazi anaruka, na akiwa hukohuko hewani anaruka tena. Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Bukoba alikuja kulipinga jambo hilo akiwa na kalamu mfukoni, akabaki anacheza mpaka kibanda kikafungwa. Na Shangazi akishinda hasemi kitu. Anampa adui kisogo na kujipiga makalio mara mbili, basi.

Theodora alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyemwendesha Shangazi kama yeye. Alikuwa na tivii mbili, pedi nne, moja kati ya hizo imefungwa kwa utepe wa gundi, na chumba kimoja ambacho hakikuwa chake. Chumba kilikuwa cha mjomba wake Apolinari, kaka wa mama yake, na kwa Wamakonde mjomba akisema toka, unatoka, baba yako hana la kuongeza. Mwezi wa kumi na moja Mjomba Apolinari alikuwa amekwisha kusema. Korosho zilikuwa nyingi mwaka ule, alitaka ghala, na tayari magunia manane yalikuwa yamekaa kwenye benchi la wateja kama watu waliolipia.

Lakini Mjomba naye alikuwa na msiba wake. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi la mtaa la mapiko, ngoma ya vinyago, na mwaka uliopita, katika sherehe ya wali, vijana waliotahiriwa, kutoka jando kule Chiungutwa, walipeleka lipiko mwenye kinyago cha askari wa barabarani akachekwa mpaka na mbuzi. Kule hakuna majaji wala vikombe. Wanawake wa wenyeji wakimfunga lipiko wenu khanga, mmeshinda. Wasipomfunga, pandeni gari mwende zenu. Mwaka wa tatu mfululizo walikuwa wamepanda gari.

Akiwa amekaa nje ya ukuta wa kibanda na unyonge wake, Mjomba alisikia watu wazima wakimshangilia Shangazi kila jioni, nesi Getrude akiwa ndiye mwenye makelele zaidi. Akawaza.

Sasa hapa pana jambo. Lipiko, kama kila mwanamke wa Kimakonde anavyofundishwa, si mtu. Ni mzimu unaotoka ardhini. Kinyago hakichongwi na mtu, nguo zake hazishonwi na mtu, na ndani yake hamna mtu. Wanawake hawajui lolote. Hawajui kiasi kwamba ndio wanaofua zile nguo baada ya ngoma, na mke akimwona mumewe anachechemea siku ya pili anamkanda kwa maji ya moto bila kuuliza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa hiyo Mjomba alipoingia kibandani siku hiyo, alikaa juu ya gunia la korosho na kusema akitazama dari.

"Theodora. Ikitokea mzimu wa sokwe jike ukatoka ardhini, unadhani masikio yake yatakuwaje?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Masikio."

"Madogo, yamelala nyuma. Hereni mpaka mabegani."

"Na mdomo?"

"Mpana. Kama anataka kukucheka lakini anakuonea huruma."

Mjomba alitoa penseli, akakumbuka, akairudisha mfukoni. "Mimi siandiki," alisema. "Nauliza tu."

"Najua, Mjomba. Na huo mzimu ukifungwa khanga kule Chiungutwa?"

Mzee alilipapasa gunia alilolikalia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye korosho. "Ukifungwa khanga, kibanda ni chako, mwezi wa kwanza nitajenga ghala kwingine. Ukichekwa, Jumatatu yake uhamishe tivii zako."

Basi ikawa hivyo.

Wa kuingia kwenye kinyago, samahani, mzimu uliotarajiwa kutoka ardhini, ulikuwa na miguu ya Benjamin, binamu yake Theodora. Benjamin alijua kucheza, hilo tusimnyime, ila tangu asifiwe mara ya kwanza alikuwa ameacha kufanya mazoezi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Theodora alimkalisha mbele ya tivii, akamwonyesha jinsi Shangazi anavyokusanya magoti akifika juu kabisa, ili jicho la mtazamaji lidanganyike kwamba ameruka tena. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu hayo uani kwake, mlango umefungwa, mpaka mapaja yakawaka moto, na yalikubali.

"Mimi nacheza kiume," Benjamin alisema huku akitafuna karanga. "Hata sokwe atapenda."

Siku ikafika. Pikapu mbili ndogo za kirikuu ziliteremka kutoka Newala, moja ya wanaume, ngoma na gunia ambalo hakuna mwanamke aliyejua lina nini, nyingine ya wanawake wa kuimba. Theodora alikaa katika hiyo ya pili. Ulikuwa msimu wa mabibo, na Chiungutwa msimu wa mabibo ina uraka, pombe ya mabibo hayo, kila nyumba. Wenyeji waliwapokea wageni kwa ukarimu mkubwa, na ukarimu ule wote, jagi baada ya jagi, ulielekezwa kwa Benjamin. Kiongozi wa wenyeji, Mzee Nurdin, yeye hanywi kwa dini yake, lakini alisimamia umiminaji mwenyewe, anatabasamu.

Ngoma zilikuwa zimeanza kupashwa moto wakati Faruku alipokuja kusimama karibu na wanawake, mgongo amewapa, kana kwamba anatazama mawingu. Faruku ni dereva wa bodaboda, mteja wa kila siku wa kibanda, na kazi yake kwenye kundi ilikuwa kuushughulikia mzimu kabla haujatoka.

"Theo," alisema bila kugeuka. "Mzimu umezidiwa."

"Umezidiwa na nini?"

"Na uraka. Umelala nyuma ya ugo, unakoroma."

"Mjomba anajua?"

"Mjomba amekaa mbele na wazee, hawezi kunyanyuka. Zamu yetu ndiyo inayofuata."

Theodora aliwaza kibanda. Aliona tivii zake mbili zikipanda toroli, na magunia yakikaa pale zilipokuwa. Halafu aliwaza Benjamin, na hasira ikamjia safi, isiyo na huruma ndani yake.

"Huo mzimu," alisema, "unavaa kiatu saizi gani?"

Faruku alipoelewa alitaka kukimbia. Kisha alitazama kulia na kushoto, akaanza kutembea polepole kuelekea nyuma ya ugo, na hakumwambia asimfuate.

Ndani ya kinyago mlinuka pumzi za Benjamin. Mtu anaona kupitia mdomoni, kijishimo cha upana wa sanduku la kiberiti, hivyo dunia nzima ikageuka kuwa miguu ya watu na vumbi. Faruku alimfunga kitambaa shingoni, akamvika soksi mikononi, akambana kifua kwa shuka mpaka akashindwa kuvuta pumzi, yote hayo akiwa amefumba macho na kuomba msamaha kwa marehemu babu yake. Theodora aliogopa. Hakuogopa wazee wala laana, aliogopa kuanguka mbele ya watu.

"Nipe ufagio," alisema.

Basi Shangazi alitoka ardhini akiwa anafagia. Alifagia uwanja mzima bila haraka, kiuno kimeinama, akiwasogeza watoto kwa nyonga, na wanawake wa Chiungutwa wakaanza kucheka, maana kila mmoja alimjua mtu wa namna ile, wengine wamezaliwa naye tumbo moja. Alifagia mpaka kwenye viatu vya Mzee Nurdin, akavifagia navyo. Ndipo ngoma ndogo ikapiga ile milio mitatu ya kuibiwa ya kwenye gemu, ambayo Faruku alikuwa amewafundisha wapigaji, na Shangazi akatupa ufagio, akakimbia, akaruka. Akafika juu. Akaruka tena.

Watu walipiga yowe ambalo nina hakika lilifika Lulindi. Akaruka mara ya pili na ya tatu, hereni zinampiga mabegani, kisha akampa kisogo kila mzee aliyekaa kwenye kiti na kujipiga makalio mara mbili, kwa utulivu, kama mtu anayekung'uta unga. Mama Witness, mwenye sauti kubwa kuliko wanawake wote wa kijiji kile, alikuwa ameshavua khanga yake ya begani na anakuja nayo mbiombio.

"Ngojeni," alisema Mzee Nurdin.

Alikuwa amesimama. Pengine aliona namna kiuno kilivyogeuka, pengine alikuwa anahesabu majagi ya uraka na hesabu ikamkataa. "Kabla hamjafunga khanga," alisema, "Newala watuambie. Mle ndani yupo nani?"

Ngoma zikakatika. Mama Witness akaganda na khanga yake. Wanawake wote waliinamisha macho chini kwa pamoja, mmoja akamziba mwanawe masikio. Theodora alisimama pale katikati, jasho linamwingia machoni na hawezi kulifuta, anasubiri kufunuliwa.

Mjomba Apolinari ndiye aliyejibu, taratibu sana, bila kunyanyuka.

"Ndani ya nini, Mzee Nurdin?"

"Ndani ya huyo."

"Ya lipiko? Kwani lipiko ana ndani?"

Hapo Mzee Nurdin akaona alikokanyaga. Wali aliowafundisha yeye mwenyewe kwa wiki nne walikuwa mstari wa mbele, wanamtazama. Mama zao walikuwa nyuma yao. Wazee wenzake walikuwa wamegeuza viti kidogo, kila mmoja kwa upande wake, kama watu ambao hawakuja naye.

"Nilikuwa nauliza ndani ya kirikuu," alisema. "Kama mna mgonjwa."

"Hatuna mgonjwa," alisema Mjomba. "Lakini neno limesikika, na wanawake wamelisikia. Kwetu neno hilo ni faini ya mbuzi. Kwenu je?"

Kwao pia lilikuwa mbuzi. Wazee wa Chiungutwa walishauriana kwa muda wa mtu kumeza mate, na beberu akaletwa na kufungwa kwenye kirikuu ya Newala. Mama Witness akamalizia safari yake, akamfunga Shangazi khanga kiunoni kwa mafundo mawili, na alipokuwa anainama kufunga akanong'ona, kwa kijishimo cha mdomo, "Umetuheshimisha, mwanangu." Kisha akapiga kigelegele juu ya maneno yake mwenyewe ili yasiwe yamesemwa.

Theodora aliporudi kwa wenzake nywele zilikuwa zimelowa.

"Ulikuwa wapi? Umekosa yote," waliuliza.

"Msalani."

"Muda wote huo?"

"Tumbo," alisema Theodora, na hakuna aliyeendelea kuuliza.

Mambo yangeishia hapo kama si Benjamin kuamka. Aliamkia njiani, akaona mbuzi, akaona khanga, akauliza nini kimetokea, na Faruku, ambaye hakuwa na namna, akamwambia amecheza vizuri sana. Benjamin aliamini mara moja. Kufika Jumapili jioni, vilabuni ambako wanaume huzungumza yasiyosikiwa na wake zao, alikuwa ameshaeleza jinsi alivyoruka hewani mara mbili, na watu walikuwa wanamnunulia. Theodora alimkuta barabarani akionyesha kwa mikono, na moyo ukamuuma sana. Kibanda kilikuwa chake, hilo alilijua na alifurahi. Lakini alitaka mtu mmoja, hata mmoja tu, aseme ni wewe. Na hakuna mtu angesema, kwa sababu ileile iliyomwokoa.

Jumatatu asubuhi Mjomba Apolinari alikuja na mkokoteni. Alibeba magunia yake yote manane mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama katikati ya chumba, akajifuta uso, akatazama dari.

"Yule lipiko wa juzi," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Anatua kwa visigino. Hivi sasa haumii, ana nguvu. Akifika umri wangu hatapanda ngazi. Nami nilikuwa natua hivyohivyo."

"Mimi lipiko nitamwona wapi, Mjomba? Mimi mwanamke."

"Hata mimi simwoni. Mwakani wametualika tena, na wamesema wanamtaka yeye, hawataki mwingine." Alivua viatu, akaviweka pembeni vizuri, akakunja suruali mpaka magotini. Magoti yenyewe yalikuwa yamevimba. "Unatanguliza vidole. Halafu goti linakunjika lenyewe, hulilazimishi. Hivi."

Akaruka, mzee wa miaka sitini na saba, palepale penye alama za magunia, akatua bila kishindo. Akaruka tena, polepole zaidi, amempa mgongo, miguu yake mahali ambapo mtu aliye nyuma angeiona vizuri.

Theodora akafunga mlango, akavua kandambili, akasimama nyuma yake.