Joto la Bosi

Namba ilianza kushuka saa ya kuona wagonjwa, wakati ukoo wetu umejazana kwenye korido ya wodi ya watoto njiti utadhani tumealikwa harusi. Zamu ya kuingia ilikuwa yangu. Nilikuwa nimenawa hadi viwiko, nimevaa joho la kijani linalofungwa mgongoni, nimeinama juu ya inkubeta namweleza mtoto wa mdogo wangu nani amekuja kumwona na nani amejifanya anaumwa ili asije.

Mtoto tulimwita Bosi. Alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama kiatu, lakini alikuwa na chumba chake cha plastiki chenye joto lake peke yake, na akitikisa kidole cha mguu tu watu wazima wanakimbia. Tumboni alikuwa amebandikwa plasta, na chini ya plasta kuna kidude kama punje ya dengu kimeunganishwa na waya. Nesi alikiita kihisi. Kazi yake kusikia joto la ngozi na kuipelekea mashine habari. Mtoto akipoa, mashine inaongeza moto. Akipata joto, inapunguza. Mimi ninayependa habari nilikipenda kile kidude siku ya kwanza. Nilisema huyu ndiye mmbea wa kweli, hafungi mdomo usiku wala mchana.

Kwenye kioo cha mashine namba ilitakiwa kukaa thelathini na sita na nusu. Nilipoingia ilikuwa thelathini na sita. Nikamaliza habari ya wifi na viatu vyake vipya, nikatazama tena. Thelathini na tano na kidogo. Taa za moto, zile za kijani zilizopangwa kama ngazi, zilikuwa zimewaka zote, maana yake mashine inapasha kwa nguvu zake zote. Halafu kengele ikalia.

Sijui kama umewahi kusikia kengele ya kile chombo. Si kali. Inalia kwa adabu kama simu ya mtu mwenye heshima zake, na ndiyo maana inakata maini.

Nesi akaja mbio. Alikuwa peke yake zamu ile, na watoto wamejaa chumba kizima. Akabonyeza kengele ikanyamaza, akachungulia kwa juu.

"Plasta ipo," alisema. "Mtoto anapoa. Usifungue hivi vidirisha, umesikia mama? Baridi itaingia. Iache mashine ipandishe."

"Atapona?"

Kabla hajanijibu, mtu akapiga kelele kutoka chumba cha kujifungulia, kelele ya kuita nesi, akaondoka mbio. Nikabaki na namba. Thelathini na nne na nusu.

Mlango wa kioo wa chumba kile hauzuii macho. Korido nzima ilikuwa imeona nesi akikimbia kuingia na akikimbia kutoka. Nikasikia habari ikisafiri: mtoto amepoa, mtoto ameshindwa kupumua, mtoto amezidiwa. Hadi inafika kwa wajomba kule mwisho wa korido, mtu ameshaanza kulia. Mimi mwenyewe nimebeba habari nyingi maishani, lakini siku ile nilitamani watu wote wazaliwe bila ndimi.

Mdogo wangu akaja akiegemea ukuta, bado ana nyuzi za upasuaji, kandambili mguu mmoja. Nyuma yake mama mkwe wake, aliyekuwa ameingia kumwona mjukuu kabla yangu, ameshika blanketi la sufu.

"Dada," mdogo wangu aliniambia, "usinifiche."

"Sikufichi. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Thelathini na nne na mbili. Akashika ukingo wa inkubeta kama anayeshika ukingo wa kisima.

"Nilisema mimi," mama mkwe alianza. "Hiki chumba kina upepo. Pisha." Akalifunika sanduku zima kwa blanketi, akaacha upande mmoja tu wa kuchungulia, akalichomeka pembe zote vizuri kabisa. Mwanamke yule alilea watoto saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala bila kufunikwa. "Sasa moto hautoki. Kaeni kimya, tuombe."

Tukaomba. Mimi nilikuwa naomba huku jicho moja liko kwenye kioo. Unajua hofu ya kungoja namba? Ni kama kumngoja mtu aliyefunga mlango bila kusema kwa nini. Iligota pale pale thelathini na nne, ikapanda chembe, ikarudi. Taa za moto bado zote zinawaka. Mashine ilikuwa inanguruma kwa ndani, pole pole, inajitahidi, masikini, inafanya kila ilichofundishwa.

"Mbona amejiachia hivyo?" mdogo wangu aliuliza.

"Nani?"

"Mwanangu. Mtazame."

Nikainama upande ule usio na blanketi. Bosi alikuwa amelala chali, mikono imetupwa huku na huku, miguu imefunguka kama chura. Kifua kinapanda na kushuka haraka haraka mno. Na rangi yake haikuwa ile ya jana. Alikuwa mwekundu. Masikio, mashavu, hata nyayo.

"Mtu mwenye baridi anajikunja," mdogo wangu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada, mwenye baridi si anajikunja?"

Namba inasema mtoto anaganda. Macho yananiambia mtoto anachemka. Mmoja kati ya hawa wawili alikuwa mwongo, na kama ningemwamini mwongo, tungemzika Bosi.

Mdogo wangu akapeleka mkono kwenye kidirisha.

"Usifungue!" Mama mkwe alimshika kifundo cha mkono. "Nesi amesema nini? Ukifungua hapo unamuua mjukuu wangu."

"Mama, niachie."

"Sikuachii. Wewe umezaa lini? Juzi! Unajua nini?"

"Najua ni wangu. Niachie!"

Sijawahi kumsikia mdogo wangu akimpandishia mkwe wake sauti. Miaka yote ya ndoa ile amekuwa akisema ndiyo mama, sawa mama, hata pale alipoambiwa apike upya. Mimi nilikuwa katikati yao, sijui niko upande gani. Kama mkwe yuko sahihi, tunaua mtoto kwa mikono yetu. Lakini zile nyayo nyekundu hazikunitoka machoni; nikamshika mama mkwe mabegani, mama wa watu, nikamvuta nyuma.

Kidirisha kikafunguka. Hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama ya mdomo wa tanuri. Mdogo wangu akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akakitoa kama aliyegusa sufuria.

"Anaungua! Dada, anaungua!"

Nilipita kwenye ule umati wa korido sijui nimekanyaga miguu ya nani. Nesi alikuwa anatoka chumba cha kujifungulia, glavu bado mkononi. Sikumweleza kitu cha maana, nilisema tu "moto, moto," lakini alielewa. Alipoona blanketi alilirusha sakafuni. Akafungua upande mzima wa sanduku, akachomeka kipimajoto kwapani mwa mtoto. Tukangoja kilie.

"Thelathini na tisa na mbili," nesi alisema, na uso wake ukabadilika.

Kwenye kioo cha mashine bado iliandikwa thelathini na nne.

Fundi wa vifaa alikuwa chumba cha pili anatengeneza mtungi wa hewa. Alikuja na bisibisi mfukoni, akazima moto wa mashine kwanza, ndipo akashika waya na kuufuata kwa vidole mpaka tumboni mwa mtoto. Plasta ilikuwa imeshika kwa ncha moja tu. Ile nyingine imeteleza, na kile kidude kimetoka chini yake, kimelala juu ya ukingo wa nepi iliyolowa. Kwa juu ungeapa kiko mahali pake.

"Hakijaharibika," alisema. Alikishika kati ya vidole viwili, na namba kwenye kioo ikaanza kupanda mbele ya macho yetu. "Unaona? Kikipata joto, umeme unapita ndani yake kwa urahisi. Kikipoa, umeme unabanwa. Mashine inapima umeme huo, inaugeuza namba. Haimjui mtoto. Kilipogusa nepi, kimepima nepi, na kimepima sawasawa. Mashine imekaa inapasha moto nepi."

"Na tumefunika," nilisema.

"Na mmefunika."

Alisugua vidole vyake, akavinusa. "Plasta haitoki hivi hivi. Nani amempaka mtoto mafuta?"

Nesi akapitisha kidole tumboni mwa mtoto, kikang'aa. Mdogo wangu akanitazama, nami nikatikisa kichwa. Kisha sote tukawa tunatazama upande mmoja bila kuambizana.

Mama mkwe alikuwa amesimama ukutani. Mkono ulikuwa umeingia ndani ya pindo la nguo yake, kama umeshika kichupa, na haukutoka.

"Ngozi ilikuwa imekauka," alisema. "Imekauka kama karatasi. Kidogo tu. Nimewapaka wote saba."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na maneno ya kulisha mitaa mitatu. Lakini nesi aliniwahi: "Mimi pia nilitazama plasta, sikushika ngozi. Maneno baadaye. Joto likipanda zaidi anaweza kupata degedege. Hakuna maji baridi, hakuna kupepea. Lishuke taratibu."

Basi ndiyo ikawa kazi: kutazama kitu kinachoshuka na safari hii kukiombea kishuke. Nesi alipima kwapani, akapima tena. Thelathini na nane na nusu. Kila Bosi aliporusha mkono, mdogo wangu aliuliza kama ndiyo degedege. Kila alipotulia, aliuliza kama amekufa. Fundi alifuta tumbo kwa pamba, akaondoa mafuta yote, akabandika kidude kwa plasta mpya na kuibonyeza pembe zote kwa ukucha.

Thelathini na nane. Thelathini na saba na nusu. Mikono ya Bosi ikarudi kifuani, miguu ikakunjwa, na akalia kilio cha njaa, chembamba, cha hasira. Nesi akacheka kwa mara ya kwanza. "Huyo sasa anadai."

Mdogo wangu alikaa kitini. Hakumtazama mkwe wake, lakini alisogeza miguu yake pembeni, pakabaki nafasi ya mtu kupita. Yule mama hakupita. Aligoma kukaribia lile sanduku, akabaki pale mlangoni mikono nyuma, macho yake hayaoni mbali.

"Binti," aliniita kwa sauti ya chini. "Inasema ngapi?"

"Thelathini na sita na nane, mama."

Akafikiri.

"Mwambie nesi ahakikishe kwapani."

Nesi akahakikisha kwapani.