Nyuma ya Pazia la Maulidi

Serikali ilipofungua biashara, mambo yakawa ruksa na bidhaa za Dubai zikajaa madukani Dodoma, Munir wa Ipagala, kijana muunda spika, alinunua mita ya kupimia sauti. Tangu siku ile chakula hakikumshuka Amiri.

Amiri alikuwa fundi cherehani wa Makole. Kuunda spika ilikuwa raha yake baada ya kazi, na kwa miaka tisa maulidi ya mtaa yalisomwa kwa masanduku yake ya spika ya mbao za mninga. Hakupima kitu. Alisikiliza, akaongeza pamba ndani, akasikiliza tena.

Mwaka ule Bi Mwanne, kiongozi wa kina mama, alisema wote wawili wafunge vyombo uani mwa madrasa, naye atachagua.

Munir akaweka mita yake kwenye mikeka ya wanaume. Mshale ukasimama palepale, sauti nene kwa nyembamba.

"Hiyo ndiyo sayansi!" akapaza Khamisi muuza kahawa. "Amiri, rudi ukatie watu vifungo!"

Amiri akacheka kwa meno tu. Alijua jambo ambalo mita haikujua. Kina mama hukaa nyuma ya pazia, na spika za Munir zilitazama wanaume. Akajiambia: nyamaza, aumbuke mbele yao.

Munir akamjia na vikombe viwili vya kahawa, kimoja akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Mshale unasema sawa. Lakini mshale haujawahi kulizwa na kaswida. Nisikilizie wewe, kabla Bi Mwanne hajafika."

Neno "sawa" lilikuwa ulimini mwa Amiri tayari. Akaenda nyuma ya pazia, akaketi pale anapoketi mkewe kila mwaka.

"Munir," akaita, "huku maneno yanakufa. Lete mita yako."

Mshale ukaanguka. Wakainua sanduku moja pamoja, wakaligeuza, wakalisogeza hadi Amiri akasema basi.

Bi Mwanne alisikiliza spika za wote wawili, mbele na nyuma ya pazia, akachagua za Munir.

Siku ya maulidi Amiri aliketi karibu na pazia. Kina mama waliitikia kila ubeti bila kupoteza neno, na kila walipoitikia wivu ulimchoma upya. Hata hivyo, Munir alipomwashiria kwa mbali kuuliza kama sauti inatosha, Amiri akainua mkono, akaushusha taratibu: punguza kidogo.