Kengele ya Blasius

Kengele ililia vizuri, na hapo ndipo balaa la Mansuetus lilipoanzia.

Alikuwa amesimama chini ya tangi la petroli la kampuni, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusini kidogo ya Lituhi, kishikio cha waya kikiwa mkononi. Waya ule ulipanda ubavuni mwa tangi, ukapita kwenye kapi juu ya paa, ukaingia ndani hadi kwenye boya la bati lililoning'inia karibu na mdomo. Petroli ikijaa, boya huinuliwa. Boya likiinuka, kengele iliyofungwa kwenye nguzo hapo chini hulia, na watu wa tishari, chombo kinacholeta petroli, wakazima pampu. Tangi likiwa bado halijajaa, anayetaka kujua kama kengele ni nzima huvuta waya akiwa chini, boya likapanda kana kwamba limeinuliwa na petroli yenyewe. Ni kazi ya dakika moja, lakini ilipatikana baada ya mtu kufa.

Mtu huyo alikuwa Blasius, shemeji yake Mansuetus. Wakati wake hapakuwa na waya. Kila tishari lilipokuja, Blasius alipanda ngazi ya chuma, akafungua mfuniko, akainamisha kichwa ndani ya harufu ile na kuinua boya kwa mkono. Siku moja ya Aprili, mwaka wa hamsini na mbili, harufu ilimlevya akaanguka kutoka juu. Kampuni ilileta sanda na barua. Kazi akapewa Mansuetus, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Naye alikuwa mvuvi, na mvuvi hapandi kufuata kitu anachoweza kukivuta. Tangi lilipofunguliwa kusafishwa, alifunga mshipi wake wa kuvulia kwenye boya, akaupitisha juu ya paa, akauleta chini. Injinia wa Songea alipouona alicheka, kisha akaacha kucheka, akaleta waya na kapi. Kijiji kikaiita kengele ya Blasius. Mansuetus naye alijisifu, tusifichane. Kila penye pombe hadithi ya mshipi ilisimuliwa, na kila iliposimuliwa mshipi ulizidi urefu.

Leo amevuta na kengele imelia, lakini mkono wake haukuridhika. Boya lile lina hewa tupu ndani, na kwa miaka miwili lilikuja jepesi, kama mshipi usio na samaki. Leo lilikuja likijikokota kama samaki mkubwa aina ya mbasa aliyechoka. Akalegeza, akavuta tena. Zito vilevile.

“Imelia,” alisema karani Ausi, kalamu yake imeshagusa daftari.

“Imelia, karani. Lakini boya limetoboka, limeingia petroli. Hii mpya ikipanda, boya halitaelea. Litabaki palepale limening'inia.”

“Umeliona?”

“Nimelisikia mkononi.”

Ausi alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa barua kutoka Songea kuliko alivyoogopa mamba. “Bwana Mansuetus, daftari lina nafasi mbili tu: imelia, haikulia. Mkono wako nitauandika wapi?”

Huko gatini tishari lilipiga honi. Nahodha alitaka kumwaga mzigo wake aondoke kabla upepo wa mwera haujaanza kuvuma, na mpira wa pampu ulikuwa umeshafungwa kwenye bomba.

“Kama una wasiwasi, panda ukaangalie,” alisema Ausi. Kisha wote wawili wakaitazama ngazi, na Ausi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza macho.

“Sipandi,” alisema Mansuetus. “Na wewe hupandi. Nipe muda nikawaambie wanawake wazime moto.”

“Nahodha anakunywa chai. Akimaliza, tunasukuma.”

Chini ya tangi palikuwa na mfereji wa mvua ulioteremka moja kwa moja hadi kwenye bonde dogo ambalo upepo haukulifikia. Kwa sababu hiyo wanawake walikaushia samaki pale. Kampuni iliahidi kujenga ukuta wa kulizunguka tangi, na ukuta huo ulikuwa bado uko kwenye karatasi. Petroli ikifurika, ingefuata njia hiyo hiyo hadi kwenye moto wa Walburga, dada yake Mansuetus, mjane wa Blasius.

Aliwakuta saba, vichanja vimejaa mbasa wa jana, nusu wameiva. Walburga hakuinua uso.

“Kengele si imelia? Tumeisikia.”

“Imelia, dada.”

“Basi mbona unakuja mbio?”

Mansuetus angeweza kusema kuna nyoka, angeweza kusema ni amri ya bwana shauri, na wangemwelewa haraka zaidi. “Imelia kwa sababu nimeivuta mimi,” alisema. “Petroli haitaweza kuivuta. Boya limejaa.”

“Kumbe ule waya wako wa nini,” alisema Vitalia, kijana kuliko wenzake, huku akicheka.

“Waya unaniambia kengele ni nzima. Hauniambii kama boya litaelea. Sikulifikiria hilo, miaka miwili yote sikulifikiria.” Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mbele ya dada yake alikuwa ameapa kwamba tangi lile halitamdhuru mtu tena.

Walburga aliwatazama samaki. Mbasa akiondolewa motoni kabla ya kukauka, jioni ananuka. Kisha akachukua kibuyu, akamwaga maji juu ya kuni zake, moshi ukamfunika. Wenzake wakafuata, wakinung'unika kwa Kinyasa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

“Na wewe utajuaje limejaa?” aliuliza Walburga, akifuta macho.

“Sijui bado.”

“Mtungi hufunui kila mara kujua maji yamefika wapi. Unatazama jasho lake.”

Mansuetus alirudi mbio na maneno hayo. Pampu ilikuwa imeshaanza kunguruma. Petroli ilikuwa imelala ziwani usiku kucha kwenye baridi ya Juni, na kweli, haukupita muda ubavu wa tangi ukaanza kulowa kuanzia chini, mstari wa unyevu ukipanda polepole. Akaanza kuhesabu safu za ribiti zilizounganisha mabati ya tangi. Zilikuwa kumi na nne, na boya lilipaswa kuinuka kwenye ya kumi na tatu.

Jasho lilipita safu ya nane. Likapita ya kumi. Ausi alisimama kando ya nguzo ya kengele, bendera nyekundu ya kuwasimamisha watu wa tishari ikiwa kwapani, akijipepea kwa daftari.

“Kumi na moja,” alisema Mansuetus. “Kumi na mbili. Karani, jiandae.”

“Ngoja ilie.”

Jasho likafika safu ya kumi na tatu. Kengele kimya.

“Inua bendera.”

Ausi aliitazama kengele kwa namna ya mtu anayemsubiri mzazi aseme. Bendera alikuwa ameshaishika mkononi, lakini mkono haukwenda. Mansuetus aliudaka mkono ule kwenye kiwiko akaurusha juu, bendera na mwenyewe, na wakasimama hivyo wameshikana kama watu wanaopigana. Gatini mtu akapiga kelele, pampu ikakohoa. Lakini pampu haizimiki kwa kupepesa jicho, na kabla haijanyamaza, petroli ilitoka kwenye tundu la kupumulia, ikateremka ubavuni mwa tangi na kuingia mfereji.

Mansuetus alikimbia sambamba nayo. Ilikuwa nyembamba kuliko mguu wake, ikienda kwa haraka isiyopendeza. Huko bondeni aliona kitu kilichomkata maini: kwenye kichanja cha Vitalia moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Vitalia alikuwa ameficha makaa chini ya majivu ili kuokoa samaki wake.

Walburga alikuwa ameuona kabla yake. Alikuwa amepiga magoti, anakumba mchanga wa maji kwa mikono yote miwili na kuurundika juu ya makaa yale, bila neno, Vitalia akilia kando yake huku naye anakumba. Petroli ilifika kwenye ukingo wa rundo, ikazama kidogo mchangani, ikasimama. Hakuna aliyesogea mpaka moshi ulipokwisha. Viganja vya Walburga vilikuwa vimeungua.

Injinia alikuja wiki iliyofuata, tangi likatolewa petroli na kufunguliwa. Boya lilikuwa na tundu linalotosha ncha ya mwiba, na ndani yake petroli nusu ndoo. Kwenye ripoti aliandika kwamba kengele ilikuwa nzima, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii mtu.

Boya jipya lilipofungwa, Mansuetus hakuugusa waya. Alikwenda kwa dada yake. Nyuma ya nyumba wavu wa Blasius ulikuwa unaning'inia tangu azikwe, maana wavu wa marehemu haufunguliwi na mtu mwingine isipokuwa mjane, na Walburga hakuwa amependa kuufungua.

“Nataka jiwe moja,” alisema. “La kuzamishia wavu. Boya zima huinuliwa na uzito kidogo tu. Nikining'iniza jiwe kwenye waya, boya zima litapanda, boya lililotoboka halitapanda. Mkono wangu si wa kuaminika, dada. Unaweza kuvuta hata kitu kisichofaa.”

Walburga alikwenda kwenye wavu. Kisha, kwa vidole vilivyofungwa vitambaa, akafungua fundo moja.

Mawe mawili waliyapima na kuyakataa. La tatu lilitosha. Tishari liliporudi mwezi wa Agosti, Ausi mwenyewe alilitundika kwenye kishikio, akaachia, akarudi nyuma na mikono mgongoni. Jiwe lilishuka taratibu. Kengele ikalia.

Bondeni, vichanja vimepangwa na kuni zimewekwa, Walburga alikuwa bado hajawasha. Mansuetus alipofika ukingoni, dada yake hakumuuliza kama imelia.

“Nani amevuta?” aliuliza.

“Jiwe.”

Walburga akainama, akawasha moto.