Mtungi Kutoka Kaunti ya Yanlu

Mtungi ulinuka, tusidanganyane. Harufu iliingia nyumbani kwa Serah kabla wageni wenyewe hawajavua viatu. Ikapita juu ya pilau, ikapita juu ya mbuzi aliyekuwa akichomwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, ikamfuata Serah jikoni na kumkaba koo. Samaki, siki, na kitu kilichosahauliwa mahali. Serah ni nesi, amefunga vidonda ambavyo mimi na wewe tungevikimbia, lakini siku hiyo alishika sinki kwa mikono miwili.

“Uuwi! Nani amekufa?” akauliza Bilha, rafiki yake wa kanisani, leso puani.

“Ni wakwe,” Serah akasema. “Nyamaza, wasikusikie.”

Wakwe walikuwa wawili tu. Wen, kijana aliyezaliwa hapa hapa Maryland, Marekani, na baba yake, Mzee Pan, fundi wa lifti aliyestaafu, mkaazi wa Bladensburg kule karibu na mto. Mama Wen alishafariki. Walikuwa wamefika kwa Serah, Hyattsville, Jumamosi mchana, kumposa Audrey, binti pekee wa Serah. Mzee Pan alivaa suti ya kijivu iliyompwaya mabegani, na mtungi alikuwa ameupakata kama mtoto mgonjwa.

Audrey ndiye aliyetaka mambo yafanywe kwa desturi. Swahili anaielewa yote, Kikuyu robo, lakini ukimsemesha anakujibu Kizungu. “I want it the way Dad would have done it,” alimwambia mama yake, yaani vile baba angefanya, na mama yake akaenda kulilia bafuni. Kwa sababu baba, Ndirangu, alikuwa kaburini, na kwa desturi yao posa bila neno la upande wa baba ni chai tu na maandazi. Neno hilo sasa lilikuwa mdomoni mwa Njuguna, mdogo wa marehemu. Njuguna akikubali, Audrey ameolewa kwa baraka za kwao. Njuguna akikataa, basi, huyo ni mtoto aliyejiendea.

Na huyo Njuguna, jamani! Mtu wa Takoma Park, mwenye kampuni ya makontena ambayo mpaka leo hakuna aliyeona kontena. Mwanzoni hakutaka hata kusikia. “Mchina? Mchina wa wapi?” Kisha akauliza swali ambalo Mkenya lazima aulize: “Kaunti gani?” Wen, maskini, akajibu kwa adabu. Kaunti ya Yanlu, mkoa wa Guizhou, milimani huko ndani, na baba yake mdogo bado anafanya kazi kwa serikali ya kaunti.

Hapo ndipo Njuguna alipobadilika rangi. Kwa Mkenya, ndugu anayefanya kazi kaunti ni gari kubwa na simu tatu, na tena ni tenda. Tangu siku hiyo akawa anampigia Serah simu mwenyewe, “Mama Audrey, hiyo posa ni lini? Tusichelewe.” Serah akadhani shemeji yake ameguswa moyo. Kumbe!

Siku yenyewe Njuguna alikuja na mtu mmoja aitwaye Phineas, muuza vigae, akamketisha kwenye kiti cha mbele. “Huyu ni mzee wa ukoo,” akatangaza.

“Phineas ni Mkisii,” Bilha akanong'ona kule jikoni. “Huo ukoo ulianzia wapi?”

Serah akachungulia mlangoni, akamtazama Phineas kwenye kiti cha mbele. Akaanza kumshuku shemeji yake.

Njuguna aliukaribisha mtungi kwa kubana pua. Alifanya hivyo mbele ya wageni, vidole viwili, kidole kidogo kimesimama, kisha akacheka. “Hiki nacho ni nini?”

“Baba anasema ni zawadi ya kwetu,” Wen akaanza kueleza. “Ni samaki wa—”

“Ni sawa, ni sawa. Phineas, hebu kitoe nje, tutaona baadaye.”

Phineas akautoa. Serah, dirishani, alimwona akipita ngazi za mbao, akipita gari la wageni, akiuweka chini kando ya mapipa ya taka, halafu akijipangusa mikono kwenye suruali. Kwa kweli moyo wa Serah ulitulia kidogo harufu ilipopungua. Alichukia kwamba ulitulia. Akamtazama Mzee Pan kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Mzee alikuwa ameganda, mikono bado imejipinda kama bado ameshika kitu.

Wanawake hawaongei kwenye shughuli hizo. Mama wa binti hukaa na wenzake, husikiliza, hupika. Kwa hiyo Serah akasimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi, akasikiliza.

“Haya, wageni wetu,” Njuguna akasema, sauti ya redio. “Sisi hatumpi mtu binti bila kujua anakotoka. Tuambie kwenu. Kaunti yenu ikoje? Usifiche kitu.”

Mzee Pan akasimama. Alizungumza kwa lugha ya kwao, polepole, na Wen akatafsiri kwa Kiingereza, naye Bilha akawa anamnong'onezea Serah pale asiposikia vizuri.

Alisema Yanlu ni mawe. Mlima umekaa juu ya mlima, na kati yake hakuna uwanja wa kuanika hata mahindi ya nyumba moja. Mvua inanyesha kweli, lakini mawe yana matundu, maji yote yanazama, mito inapita chini ya ardhi. Unaweza kulala unasikia mto chini ya kitanda na asubuhi ukatembea nusu siku kutafuta maji ya chai.

Na chumvi hakuna. Alirudia hilo, akahakikisha Wen amelisema vizuri. Chumvi ilitoka mkoa wa jirani, ikabebwa mgongoni na wanaume, vilima vyote vile. Kila mbebaji alikuwa na fimbo ya kuegemeza mzigo akipumzika, kwa sababu ukiutua chini hutaweza kuuinua tena. Fimbo hizo zimetoboa mawe ya njia, matundu yapo mpaka leo, ukipita unatia kidole. Baba yake alikuwa mmoja wao. Nyumbani kipande cha chumvi kilining'inizwa kwa kamba juu ya jiko, kikachovywa kwenye chungu mara moja na kutolewa haraka kabla hakijayeyuka. Watoto waliruhusiwa kukilamba Sikukuu ya Mwaka Mpya.

“Kwa hiyo sisi tunachachua,” Wen akatafsiri. “Mboga, nyama, samaki. Anasema uchachu ndio ulikuwa chumvi ya maskini.”

Mzee akaendelea. Alisema juu ya mwaka wa njaa, wakati wakubwa wa kaunti waliandika kwamba maghala yamejaa na watu wakala magome ya miti, na dada yake mkubwa hakuuvuka mwaka ule. Alisema juu ya bwawa lililojengwa baadaye, likafunika bonde pekee lenye udongo mweusi, na makaburi ndani yake. Vijana walihamia viwanda vya pwani, shule ikafungwa, soko likabaki la wazee tu. Alisema alipofika Bladensburg akaambiwa hapo zamani palikuwa bandari, meli zilitia nanga, kisha mto ukajaa tope. Akaona panamfaa. Alishazoea mahali ambapo dunia imepita na kuondoka.

Nyuma ya mlango Serah alikuwa ameweka mwiko chini. Wewe ungefanyaje? Alikuwa akimkumbuka mume wake, Ndirangu, akisimulia utoto wa Nyandarua, viazi vya kuchemsha na chumvi iliyonunuliwa kwa kijiko, imefungwa kwenye gazeti.

Phineas alikuwa anachezea simu. Njuguna alikuwa amekunja uso, na alipofungua mdomo hakuuliza habari za dada aliyekufa wala habari za makaburi.

“Na viwanda?” akauliza. “Vigae? Hakuna vigae?”

Mzee Pan akatikisa kichwa.

“Na huyo ndugu yako wa kaunti? Yeye ni nani hasa?”

Wen akauliza, akajibiwa. “Anasoma kipimo cha maji,” akasema. “Kila asubuhi anateremka bwawani kuangalia maji yamefika wapi, anapiga simu ofisini. Ndiyo kazi yake.”

Phineas alicheka kwa sauti. “Tenda ya kuangalia maji!”

Njuguna hakucheka. Alijisikia ameibiwa, huyo mwizi! Akaegemea kiti, akajikuna shingo, akaanza kuhutubia. Kwamba familia yao ina jina. Kwamba huwezi kumtoa msichana aliyesoma, mfamasia, umpeleke kwa watu wa mapango, watu waliokuwa wakilamba jiwe. Kwamba hata zawadi waliyoleta imebidi ikae na taka. “Kwa hivyo, bwana mdogo, leo hakuna neno. Rudini mjipange.”

Mjipange! Wen alilielewa hilo bila kutafsiriwa, ameshakaa na Wakenya vya kutosha. Hakumtafsiria baba yake. Lakini mzee alishaona uso wa mwanawe, akachukua kofia yake, akainama kidogo kwa Njuguna, heshima ambayo Njuguna hakustahili hata punje. Audrey, aliyekuwa ameketi kwenye kochi na leso begani kama bibi arusi, alimtafuta mama yake kwa macho.

Kichefuchefu alichokihisi Serah wakati huo hakikuwa cha samaki.  Alimwona Njuguna akinyoosha mkono kwenye sinia na kujichagulia mbavu iliyonona. Mafuta yakamtiririka kidevuni. Mbuzi wa Serah, kwenye nyumba ya Serah, posa ya mtoto wa Serah. Alaa!

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Bilha akamwita, hakugeuka. Akaenda mpaka kwenye mapipa, akapiga magoti na gauni lake jipya. Mtungi ulikuwa wa udongo, mweusi, mdomo umefungwa kwa nguo na nta, na nzi walishaukalia. Akaufukuzia nzi. Akaunyanyua, akaupakata kama mzee alivyoupakata, harufu ikampiga usoni, machozi yakamtoka. Akaingia nao sebuleni kwa mlango wa mbele, kama mgeni.

“Mama Audrey,” Njuguna akasema, mbavu mkononi, “huo uchafu—”

“Shemeji, nyamaza.”

Hakuna aliyewahi kumsikia Serah akisema hivyo. Akauweka mtungi mezani, katikati ya masufuria. “Wen, muulize baba, huyu samaki ni wa lini?”

Wen hakuhitaji kuuliza. “Aliwekwa siku niliyozaliwa. Mtungi ni wa nyanya yangu wa Yanlu, Baba aliusafirisha mtupu kwenye ndege, magotini, alipohamia huku. Kwao haufunguliwi mpaka mtoto aoe.”

 Serah akachukua kisu cha nyama, akakata nta, akafungua. Sitakueleza harufu iliyotoka. Phineas alisimama, akakimbilia barazani. Ndani kulikuwa na samaki mwekundu wa pilipili, laini, amelala kwenye wali uliogeuka uji. Serah akaweka kipande kwenye sahani, akaenda kupiga magoti mbele ya binti yake.

Kila mtu wa kwao aliijua ishara hiyo. Binti huulizwa kuhusu kinywaji cha wageni, “Tunywe?” Akikubali, kimenywewa, posa imepita, na aliyekinywa hawezi kukitapika. Lakini anayeuliza ni mzee wa upande wa baba.

“Huwezi,” Njuguna akafoka. “Wewe ni mwanamke, si wa damu yetu. Ukifanya hivyo, mimi na nyumba nzima ya kina Ndirangu hatumjui huyu mtoto. Nitapiga simu nyumbani leo leo.”

Serah hakuitua sahani. Alijua atapiga. Alijua makaburini Nyandarua hatakuwa tena na mtu wa kumfungulia lango akienda kuweka maua.

“Audrey,” akasema. “Kwao ni mawe. Chumvi walilamba. Umesikia yote. Tule hii?”

Audrey akatazama samaki, akamtazama Wen, akamtazama yule mzee aliyesimama na kofia mkononi. Akajibu, na hakujibu Kizungu.

“Tule, Mama.”

Akala kipande chake, uso ukamkunjamana, akameza. Serah naye akala. Kilikuwa kichachu mpaka masikioni, kikamuunguza, akakiteremsha kwa nguvu ileile anayomezea habari mbaya wodini. Kisha akasimama mbele ya Njuguna. Midomo yake ilinuka, na alihakikisha shemeji anainusa.

“Ndirangu aliniambia,” akasema polepole, “chumvi yenu ilikuwa kijiko kimoja kwa nyumba nzima. Mlichovya viazi kwa zamu. Akasema wewe ulikuwa ukiiba zamu yake, na yeye alikuachia.”

Njuguna akajipangusa mafuta kidevuni kwa kiganja.

“Huyu samaki nimemmeza, shemeji. Wewe nimeshindwa. Toka nyumbani kwangu, na hiyo mbavu iache kwenye sinia.”

Akaiacha. Gari lake liliondoka kwa kishindo, Phineas akiwa ameshusha kioo apate hewa. Ndipo Mzee Pan alipokaribia meza, akatoa kipande kwa vidole, akala akiwa amesimama, na mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya ile suti kubwa. Bilha akaleta chai, bado amebana pua. Serah akamvutia Mzee Pan kiti cha mbele, kile cha wazee wa ukoo, akakipangusa kwanza kwa upindo wa gauni.