Koki ya Mizabibu Myeusi

Tangi lilikuwa limebaki na maji ya kulamba tu pale Baba mkwe alipopelekwa hospitali kutibiwa mguu. Kabla ya kuondoka alimwita mke wa mwanawe mkubwa, maana mume mwenyewe alikuwa kazini mbali, akamkabidhi koki mbili za shamba: moja ya mizabibu myeupe, nyingine ya myeusi. Agawe sawasawa kila jioni, basi. Kuvuta maji kisimani na kujaza tangi aliachiwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana mcheshi aliyejulikana nyumba nzima kwa uvivu.

Mwanzoni aligawa kama alivyoambiwa. Lakini jua halikuwa na utani, na ile myeupe ikaanza kumtia uchungu. Majani yake yalijikunja, ya chini yakageuka manjano na kudondoka. Ng'ambo ya kijia, myeusi ilisimama mibichi, imeng'aa kama imepakwa mafuta, kana kwamba kiangazi kilikuwa habari ya majirani. Jioni moja akaipunguzia myeusi, akaiongezea myeupe. Jioni iliyofuata, tena. Mwishowe koki ya myeusi haikufunguliwa kabisa, na hakumwambia mtu.

Halafu myeusi ikaanguka kwa mkupuo mmoja. Asubuhi alikuta majani yameungua pembeni, ncha za matawi zimelegea, vichala vimesinyaa. Aliifungulia maji mpaka yakatuama kwenye mashina. Ilikuwa kama kumnywesha uji maiti.

Baba mkwe alirudi na mkongojo. Alizunguka shamba, akaja kuketi barazani, akamuuliza mwanawe mdogo ni siku ngapi alilala badala ya kujaza tangi. Shemeji akaonyesha viganja vyake vyenye malengelenge.

"Baba, hii ndiyo hasara ya uvivu," alisema akicheka. "Siku ukifanya kazi, huna shahidi."

Mzee hakucheka. Alisema kile kipande cha shamba alichomwahidi apande mizabibu yake na kuanzia maisha na mchumba wake, kitasubiri mpaka akue. Shemeji akarudisha mikono mapajani. Yeye, mke wa kaka yake, alikuwa amesimama papo hapo na jagi la maji mkononi. Alimjazia mzee glasi, akaingia ndani.

Kesho yake alikuwa akiosha vyombo aliposikia shemeji akiongea na simu nyuma ya jiko. Alimwambia mchumba wake kwamba harusi isogezwe, hapana, hajui mpaka lini, labda wazazi wake waambiwe ni ukame tu. Sauti haikuwa na mzaha hata chembe. Akaacha sufuria na povu lake, akaenda barazani.

"Baba, shemeji hana kosa. Maji alijaza. Mimi ndiye niliyeinyima myeusi."

"Ukayapeleka wapi?"

"Kwa myeupe. Niliona inateseka."

Mzee aliinamisha kichwa. Akamweleza polepole kwamba myeupe haikuwa ikiteseka. Ile ina woga: ikihisi kiu tu hukunja majani, huangusha mengine, hujilinda hadi mvua. Myeusi haijui kujibana. Hunywa kilichopo huku ikipendeza, mpaka siku kinapokwisha.

"Na hilo sikukwambia," alisema. "Kosa la maji tutagawana. Lakini jana mwanangu amelala na aibu yako. Hiyo ni yako peke yako. Mwite, umwambie mwenyewe."

Alimwita. Alisema yote mbele yao wawili, macho sakafuni. Mzee akamrudishia mwanawe kipande chake na kumwomba radhi. Shemeji akashukuru. Mke wa kaka yake akangoja utani, wowote, hata wa kumuumiza.

"Ulikuwa umesimama pale na jagi, shemeji," alisema tu. Kisha akatoka kwenda kumpigia mchumba wake.

Mzee akampa mkwewe mkasi wa kupogolea, kwa kuwa yeye hakuweza kuinama. Akate myeusi yote mpaka atakapokuta uhai. Alipiga magoti kwenye mzabibu wa kwanza, akakwangua gome kwa kucha. Pakavu. Akakata, akashuka chini kidogo, akakwangua tena. Pakavu. Karibu kabisa na udongo akaona kijani, chembamba kama uzi. Akahamia mzabibu wa pili. Huo aliukwangua mpaka mizizini.