Bendera ya Buluu ya Kapteni Threlfall

Kapteni Josiah Threlfall alikufa kitandani mwake, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyeishi kwa kusuka vikapu. Miaka mingi alitoka Liverpool kwenda Bonny, pwani ya Afrika Magharibi, kununua watu, akawauze Jamaika, na akiwa nyumbani hakukosa kiti cha mbele kanisani. Aliacha nyumba ya ghorofa tatu, saa ya ukutani, kasuku, meli iitwayo Prudence, na Dorcas.

Wosia ulisomwa sebuleni, watu wamevaa glavu nyeusi, wanatafuna biskuti za matanga. Dorcas alikuwa akizungusha sinia alipolisikia jina lake, baada ya kasuku. Prudence, iliyokuwa safarini, ikirudi salama, Dorcas awe huru. Ikipotea, auzwe Jamaika, mjane apate cha kumtunza.

"Oneni roho nzuri ya marehemu!" mjane akasema huku akifuta machozi.

Tangu siku hiyo Dorcas aliishi dirishani pa jiko. Ng'ambo ya mto, juu ya kilima, ilisimama milingoti mingi. Kila mwenye meli alikuwa na bendera yake, na mlinzi akiiona meli mbali baharini huipandisha, mji ujue saa nyingi kabla haijafika. Ya Threlfall ilikuwa ya buluu yenye mraba mweupe. Dorcas aliitafuta akichochea moto, akaitafuta akimenya viazi.

"Shingo hiyo itakwama, dada," Peg mpishi alimtania. "Tutakuzika umegeukia kilima."

"Nizikeni hapahapa basi, mradi si Jamaika."

"Ala! Itakuja hiyo, hata kwa kutambaa."

Kilichomtafuna Dorcas hakumwambia hata Peg. Yeye mwenyewe aliletwa na Prudence akiwa na miaka tisa, wakati huo akiitwa Ugoye. Alikijua kiza cha tumbo la meli ile. Alijua waliofungwa wawili wawili mle ndani huomba nini: ipasuke, wafe wote. Naye kila jioni alipiga magoti akaomba ifike salama. Alijichukia, kisha akaomba tena.

Mwezi wa kumi na nne tangu mazishi, asubuhi, mikono yake imejaa unga, bendera ya buluu ikapanda. Peg alipiga yowe, wakakumbatiana, wakarukaruka mpaka kasuku akaanza kutukana. Dorcas alilia kwa furaha, furaha ya kweli kabisa, na mtu ambaye hajawahi kuorodheshwa pamoja na kasuku asimlaumu.

Siku ya pili mwanasheria alimpa karatasi yake ya uhuru. Peg alikwisha kumtafutia chumba na kazi kwa mshonaji. Dorcas alikuwa amevaa kofia ya kutokea, anaaga sebuleni, alipoingia nahodha mpya wa Prudence kumpa mjane pole. Alikuwa amemshika mkono msichana wa miaka minane hivi.

"Zawadi yako, Bibi. Nimesikia jikoni kunabaki pengo."

"Masikini, mdogo hivi!" Mjane akaguswa. "Dorcas, mwonyeshe kazi kabla hujaondoka. Wala usimsikitikie. Nitamfanyia kama marehemu alivyokufanyia wewe. Prudence ikirudi safari ijayo, naye yuko huru. Naandika leo hii."

Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa. Dorcas akamshika mtoto mkono, akaondoka naye.

Jikoni akamuuliza mtoto jina lake, kwa lugha ambayo hakuwa ameizungumza tangu utotoni. Maneno yalimtoka mazito, lakini yalitoka.

"Adanma," mtoto akasema, akamng'ang'ania sketi kwa mikono miwili.

Peg, kwa nia njema tu, akambeba mpaka dirishani. "Tazama kule, kipenzi. Siku ikipanda tena ile ya buluu, umeokoka."

Mtoto hakuelewa hata neno moja, ila alikifuata kidole. Akageuka kwa Dorcas, akauliza kwa lugha yao, "Mama, pale kuna nini?"

Dorcas aliivua kofia, akaiweka mezani juu ya unga. Akamshusha mtoto, akafunga mbao za dirisha, akatia komeo.

"Hakuna kitu," akamjibu. "Usiangalie kule kamwe."

Kisha akafunga aproni yake. Peg ikabidi awashe mshumaa, maana jiko lilikuwa giza totoro, na ilikuwa saa nne asubuhi.