Elisante Yuko Moshi

Alasiri Hafidha alikuwa juu ya paa la jengo moja la mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, China, akizungushia utepe mpya kiungo cha waya wa antena, kwa kuwa mvua ya asubuhi ilikuwa imepenyeza maji. Pembeni yake, ndani ya kibanda cha bati, ripita ilivuma taratibu. Kazi ya ripita ni ndogo: inaisikia sauti dhaifu ya redio ya mkononi na papo hapo inaisema tena kwa nguvu, mji mzima uisikie. Haiongezi neno wala haipunguzi. Hafidha aliipenda kwa hilo.

Redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kujifurahisha tu, hairuhusu mazungumzo ya biashara, kwa hiyo wafanyabiashara wa Kitanzania waliojiunga nayo walilazimika kuongelea mambo mengine: mpira, pweza wa nazi, nani kapata mtoto.

"Nafasi ipo?" iliuliza sauti kutoka kwenye redio iliyoning'inia kiunoni mwake. "Hapa Elisante. Nipo moshi. Ova."

Hafidha aliijua sauti ile. Elisante ndiye aliyeipandisha betri ya ripita kwa ngazi siku lifti ilipogoma. Alikuwa akifunga mizigo kwenye ghala la Murshid, wakala wa kusafirisha mizigo, nyuma ya maduka ya nguo ya Guangyuan Xilu. Ghala lilipoungua, Murshid aliwatangazia watu kwamba hakuna aliyedhurika. Elisante alikuwa ameshaacha kazi, alisema. Amerudi kwao, yuko Moshi.

"Elisante!" alidakia Yasir, muuza simu, kutoka dukani kwake. "Nakupata tano kwa tisa, safi kama uko mlango wa pili. Kutoka Moshi mpaka huku! Mlima ndio unaokubeba?"

"Mlima upi?"

"Kilimanjaro, bwana wee! Mmeturingia nao miaka yote, leo unauliza upi?"

Elisante akakohoa. Alikohoa kwa muda, na ripita ikakirudia kikohozi chote.

"Kaka Elisante," Hafidha aliingia, maana swali hili ndilo huulizwa kila ishara inapokuja nzuri, "unatumia antena gani?"

"Mnyororo."

"Mnyororo gani, kaka?"

"Wa mlango wa nyuma. Nimeushika. Ova."

Hewani hakuna herufi kubwa; Moshi na moshi husikika sawa. Hafidha alikiviringisha kipande cha utepe kilichobaki, akakitia mfukoni, akashuka hadi kwenye mgahawa wa ghorofa ya chini, ambako Anastazia, mke wa Elisante, alikuwa akisonga ugali. Anastazia hakuwa ameweka tanga. Mtu aliyerudi kwao haliliwi. Lakini mama mkwe wake hupiga simu kutoka Moshi kila Jumapili, akiuliza mwanawe ataondoka lini Guangzhou.

Aliipokea redio kwa mikono yenye unga.

"Baba Agape, umekula?"

"Bado, mama Agape. Mlango haufunguki."

"Haya, tunakuja," alisema Anastazia, akaufunika ugali.

Hafidha aliiweka redio isikilize ishara ya Elisante yenyewe kabla haijapita kwenye ripita. Kila walipokaribia Guangyuan Xilu, wakipishana na wachukuzi na marobota yao, mshale wa kupimia nguvu ya ishara ulipanda. Nyuma ya ghala ulilala mwisho kabisa. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya. Mnyororo ulikuwa ule ule, wenye masizi. Ndani ilisikika sauti ya watu wakivuta utepe wa gundi na kufunga maboksi.

Murshid alitoka mwenyewe, ananukia udi. "Karibuni, dada zangu."

Anastazia alimpa redio. Murshid aliisikiliza kwa adabu, kichwa kakiinamisha.

"Ni yeye," alisema. "Hata kikohozi ni chake. Elisante, pole na kazi."

"Ahsante, bosi."

"Basi waambie watu alikuwa ndani," alisema Anastazia. "Nimlie mume wangu."

"Dada, mimi nilisema yuko Moshi. Mwenyewe anasema yuko moshi. Hapo tumepishana wapi?"

"Na mnyororo?" aliuliza Hafidha. "Wamo watu humo ndani."

"Wezi, mdogo wangu. Wanaingilia nyuma." Alimrudishia redio kwa mikono miwili. "Halafu haya ni ya biashara. Si mmekatazwa kuyaongea hewani?"

Tanga liliwekwa mgahawani. Murshid alituma gunia la mchele. Redio iliwekwa katikati ya mkeka, na Elisante akawashukuru waliofika kwa majina. Yasir aliomba radhi kwa habari ya mlima. Mama mkwe alisikilizishwa kwa simu, akalia, kisha akamuuliza mwanawe kama alivaa vizuri siku ile.

Mzee Liang, mwenye ripita, alipanda paani kupima nyaya, akaona hazina kasoro. Alimweleza Hafidha kwamba ishara kama hiyo hukatika siku antena inapoondolewa, si kabla. Hafidha alimfikishia Anastazia: antena ya Elisante ni ule mnyororo.

"Basi nitamkosa," alisema Anastazia. Akafikiri. "Waiondoe tu. Mle mna wake wa watu, na waume wa watu."

Tangu hapo Hafidha hupanda kila alasiri, akaacha nafasi kwanza, kisha akabonyeza.

"Kaka Elisante, nakupata tano kwa tisa. Leo umezidi hata jana. Mnyororo bado upo?"

"Upo, dada. Asubuhi wameupaka mafuta. Ova."